Chumba Nyuma ya Kabati

Mume wangu alianza kuvunja ukuta wa chumba chetu cha kulala siku ya Jumapili, watu wakiwa misani. Aliichagua saa hiyo makusudi. Karibu Kabondo nzima, mtaa wetu, ilikuwa kanisani, na waliobaki majumbani walikuwa wagonjwa au walevi wa jana, watu wasiouliza kelele inatoka wapi. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, najifunga kilemba mbele ya kioo, mara nyundo ikatua ukutani, kioo kikaanguka na kupasuka miguuni pangu. Nilimwuliza kama amepata wazimu. Akaniambia nivue nguo nzuri, nichukue ndoo, nizoe kifusi.

Nilichukua ndoo, nikaijaza, nikaenda kuimwaga kitandani, upande wake wa kulalia. Akanizaba kofi lililonikalisha juu ya vipande vya kioo. Nilikuwa kijana bado, mwenye nguvu na mdomo, na sikuwa mtu wa kupokea kofi bila kurudisha. Nilimrushia ndoo tupu. Ilimpata gotini, akachechemea juma zima. Lakini ukuta aliendelea kuuvunja, na jioni ile tundu lilikuwa limetosha mtu kupita akiinama.

Kwanza nieleze nyumba yenyewe. Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu waliuita mji wetu Stanleyville, sisi tuliuita Kisangani. Wao walikaa Makiso, karibu na mto na maduka, na sisi Waafrika tulikaa katika siti, mitaa tuliyotengewa. Nyumba za siti zilijengwa kwa mstari, zote sura moja: sebule, vyumba viwili, mabati juu, jiko peke yake uani. Zilifanana mpaka mlevi aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu na kuitisha chakula. Kuongeza chumba, kuhamisha mlango, hata kuegesha banda la kuku ukutani, kulihitaji ruhusa ya ofisi. Na nyumba hizo hawakupewa watu ovyo ovyo. Mwanamume alipaswa kuwa na kazi, mke mmoja, na ndoa ya kanisani. Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga, kazi alikuwa nayo. Ndoa ya kanisani aliipata kwangu. Kwa hiyo nyumba ile ilikuja kwa pete yangu, na nilikuwa nikimkumbusha kila aliponiudhi.

Kisha kaka yake akafa. Alikuwa akikata miti huko barabara ya Buta, mti ukamwangukia. Aliacha mke, hakuacha mtoto. Kwa watu wa mume wangu, mjane hatoki katika ukoo. Ndugu aliyebaki anamchukua, anamlisha, na anazaa naye watoto watakaohesabiwa kuwa wa marehemu. Mama mkwe wangu, aliyekaa nasi katika chumba cha pili, alirudi kutoka matangani amenyoa kichwa, akaketi sebuleni na kumwambia mwanawe mbele yangu: "Kama haumuchukue, ndugu yako atakufa mara ya pili. Na huyu mwanamuke, batu ya kwetu banasema ni yeye alimukula bwana yake. Ndugu zake wamemufukuza. Atalala wapi? Kwa pori?"

Aliposema hivyo hakumtazama mwanawe. Alitazama tumbo langu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika humo, na yule mama alizitaja mara nyingi kama vile nilizivunja mwenyewe kwa uzembe, kama sahani. Nilimwambia aondoe macho tumboni mwangu. Mume wangu akaniambia ninyamaze.

Lakini serikali ilikuwa imekataza mwanamume kuleta mke wa pili mjini. Akikamatwa, anakwenda gerezani, na mwanamke anapakiwa kwenye lori na kurudishwa alikotoka. Hivyo, kwenda ofisini kuomba ruhusa ya chumba kulikuwa sawa na kwenda kujishtaki mwenyewe. Mzungu wa siti, yule aliyesimamia mtaa wetu, angeuliza chumba ni cha nani. Ndiyo sababu mume wangu alijenga kwa siri, uani, ubavuni mwa chumba chetu, nyuma ya ua wa matete. Alijenga kwa matofali mabichi ya udongo, akapaka chokaa ileile ya nyumba, ili mpita njia aone nyumba moja tu. Na kwa kuwa mlango wa nje ungeonekana, hakuweka mlango wa nje. Mlango pekee ulikuwa lile tundu alilotoboa chumbani kwangu, mbele ya kitanda changu. Kulifunika alisogeza kabati la nguo.

Mtu asiniambie kwamba hakujua kazi. Alikuwa fundi hodari. Nilikuwa nikimpelekea chakula Makiso, kwenye nyumba za Wazungu, lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki, na nilimwona kwa macho yangu jinsi anavyoweka linto, ile boriti ya zege yenye vyuma ndani inayolala juu ya mlango ili kubeba ukuta. Siku moja alimpiga fundi mwenzake teke la tumbo kwa sababu alipunguza vyuma. Alimwita muuaji, mbele ya watu. Sasa nyumbani kwake mwenyewe, juu ya tundu lile, chini ya ukuta wote na mabati yake, aliweka ubao wa pirogi, mtumbwi uliooza, aliouokota mtoni. Ukiubonyeza kwa kidole, kidole kinaacha alama.

"Chuma iko wapi?" nilimwuliza.

"Chuma gani?"

"Ile unatiaka kwa Wazungu."

"Unataka nipite na chuma katikati ya siti, polisi banione? Ubao, batu banazania ni kuni. Itatosha. Hapa haiko nyumba ya gouverneur."

"Na kichwa yangu iko kichwa ya nani?"

Alinipiga kwa ile rula ndefu ya ufundi, ubapa wake, mgongoni, mpaka ikakatika. Nilimng'ata mkono. Mama mkwe alikuja kututenganisha, yaani alinishika mimi mikono ili mwanawe apumue vizuri. Nikiwa nimeshikwa hivyo nilimwambia kwamba ile sheria ni mbaya, najua, haimhurumii mjane wala hainihurumii mimi, lakini si sheria iliyochagua ule ubao. Ubao aliuchagua yeye. Alitema mate chini, akarudi kazini, na nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo sikujua kwamba ninayo.

Kwa watu wao kuna desturi nyingine. Mke wa kwanza ndiye anayesiriba sakafu ya chumba cha mwenzake, kwa mikono yake, kuonyesha kwamba amempokea. Mama mkwe alisimama juu yangu, mikono kiunoni, huku nikipiga magoti na kusawazisha udongo. Nilitema mate ndani ya ule udongo, mengi, nikausiriba vizuri kabisa. Aliniona. Alinipiga kisogoni kwa kiganja, akasema sakafu imependeza.

Mjane alifika mchana, juu ya lori la ndizi, na beseni kichwani. Majirani tuliwaambia ni mdogo wangu kutoka kijijini. Nilitarajia awe kondoo fulani wa kulialia. Hakuwa kondoo. Alikuwa mrefu kunipita, kovu juu ya jicho, kwani nduguze walimpiga mawe walipomfukuza, na alinitazama moja kwa moja kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Akanisalimu, "Yaya," yaani dada mkubwa. Nikamwambia mama yangu hakuzaa mtu kama yeye. Akacheka. Nilitaka kumtia kidole katika lile jicho.

Tuliishi hivi. Akitaka kwenda chooni, anapitia chumbani kwangu. Akitaka maji, anapitia chumbani kwangu. Watu wa mbu walipopita kukagua mitungi, maana serikali iliogopa viluwiluwi kuliko ilivyoogopa njaa, yeye alijifungia ndani na mimi nilisukuma kabati. Na mume wangu alipotaka kwenda kwake, aliondoka kitandani kwangu na kulisogeza kabati lilelile. Miguu ya kabati ilikwaruza saruji, nami nilijifunika uso kwa shuka na kuuma vidole vyangu. Baada ya miezi michache mjane akaanza kutapika asubuhi. Mama mkwe aliimba siku nzima. Mimi nilivunja mtungi wa maji, nikasema umeteleza.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa bombani, pale siti nzima ilipochota maji. Alipita mbele yangu kwenye foleni, ndoo mkononi, tumbo limeanza kuonekana. Nikamwambia arudi nyuma. Akasema mwenye mimba hasimami juani. Alilisema neno hilo polepole, akinitazama, na wanawake wakaguna. Sikumbuki ndoo yangu iliruka vipi. Nakumbuka nimemkamata nywele, yeye amenikamata sikio kwa meno, na tope la bombani limetuingia puani. Alinipiga ngumi za kiume. Nilimkwaruza shingo kuanzia sikioni mpaka kifuani. Watu walitufanyia duara na kushangilia, na ndani ya ile raha ya kupigana nilipiga kelele ambayo Kabondo yote iliisikia:

"Mbanda! Ulikuya kuiba bwana yangu kwa kitanda yangu!"

Watu wakaanza kurudi nyuma. Mbanda ni mke mwenza. Mtu hamwiti mdogo wake mbanda. Mjane aliniachia sikio, akajifuta damu mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Umetuua." Akachukua ndoo yake tupu na kuondoka.

Nilipigwa kwa neno hilo kuliko nilivyowahi kupigwa. Mume wangu alitumia mkanda, kisha alipochoka alitumia kiatu. Sikurudisha. Si kwa sababu nilijuta, nilikuwa nimechoka tu, na sikio lilikuwa limening'inia nusu. Aliyenishonea lile sikio, kwa uzi wa kushonea nguo na pombe kali ya mahindi, alikuwa mjane. Alikaza mkono bila huruma. Kila nilipopiga kelele aliniambia nitulie, yeye ndiye aliyelitoa na yeye ndiye atakayelirudisha.

Masika yakaingia, na mchanga ukaanza kuanguka. Niliamka asubuhi na kuukuta juu ya mto wangu, mwekundu, laini. Udongo wa upande wa pili ulikuwa umenywa maji ya mvua na kuvimba, ubao wa pirogi ulikuwa umejipinda katikati, na juu yake ufa ulipanda mpaka kwenye mabati. Niliingiza kisu cha jikoni katika ufa, kikazama mpaka mpini. Nilipochungulia nyuma ya kabati, mjane alikuwa amesimama upande wake, kichwa kimejaa vumbi, anautazama ufa uleule.

"Kwangu pia inaanguka," akasema.

"Juzi imeanza?"

"Zamani. Nilisema, akasema nyamaza."

Basi tukaenda pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kusimama upande mmoja wa kitu. Tulimkuta mume wetu uani akinoa tindo, tukamwambia aondoe ule ubao, aweke linto ya kweli, au azibe tundu na kumtafutia mjane mahali pengine. Yeye alisema watu wameanza kunong'ona tangu ule upumbavu wangu wa bombani, na kwamba mtu akionekana na mfuko wa saruji sasa hivi amekwisha. Mjane akamwambia, "Bon, tubomoe sisi. Tutalala chini kwa sebule."

"Mutabomoa nini? Mimi njo nilijenga!"

Alimpiga yeye kwanza, kofi, ingawa alikuwa na mimba. Nilimrukia mgongoni. Akanitupa kwenye ua wa matete, akanifuata na teke. Tulipigwa pamoja siku ile, mmoja baada ya mwingine, na mama mkwe alisimama mlangoni akisema wanawake wa siku hizi wanataka kumfundisha fundi kazi. Nilimwona mume wangu usoni alipomaliza. Alikuwa na hofu. Alijua kuhusu ubao kuliko sisi sote, na ndiyo sababu hakutaka kuutazama.

Walikuja asubuhi moja ya mvua nyembamba: Mzungu wa siti, karani wake, na askari watatu wenye sururu na nyundo kubwa. Sikuwaita mimi. Neno langu la bombani liliwaita, kama mume wangu alivyosema baadaye, na pengine ni kweli, lakini siti ile ilikuwa na midomo mingi. Tulipowaona kwenye kona, mume wangu alimsukuma mjane ndani ya chumba chake. Nilimsikia akimwambia: "Ukitoa sauti, banakurudisha kwenu." Akasukuma kabati, akaenda kuwapokea akiwa amevua kofia.

Mzungu hakuuliza habari. Alitoa utepe wa kupimia, akapima ndani, kutoka ukuta wa sebule mpaka kwenye kabati langu. Akatoka nje kwenye mvua, akapima ukuta uleule kwa nje, akapita nyuma ya ua wa matete. Nyumba ilikuwa ndefu nje kuliko ndani. Akapiga chokaa kwa kisigino cha kiatu, udongo mwekundu ukamwagika.

"Ndani iko nini?" akamwuliza mume wangu.

"Haiko kitu, Bwana. Magasini ya makala tu," akajibu, yaani stoo ya makaa.

"Hapana mutu?"

"Hapana, Bwana."

"Bomoa," akawaambia askari.

Lazima nimtendee haki Mzungu yule, ingawa sikumpenda na sikumpenda yeyote aliyefanana naye. Aliuliza. Mume wangu alikuwa na nafasi ya kujibu, na alijibu.

Nyundo ya kwanza ilipopiga, mabati yote yalilia. Mimi nilikuwa uani, karibu na mama mkwe, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye tope na kuushika mdomo wake. Nilimngoja mume wangu aseme. Nilimngoja mjane apige kelele. Hapakuwa na sauti kutoka ndani, hata kikohozi. Alikuwa amesimama mle gizani na mtoto tumboni, udongo ukimmwagikia, akinyamaza kama alivyoambiwa, kwa sababu kijijini kwao walimngoja wale waliompiga mawe. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo, ndiko atakakopelekwa. Nyundo ya pili ikapiga, na kutoka chumbani kwangu nikasikia ubao ukilia, sauti ndefu kama ya mlango mkavu.

"Mutu iko ndani!" nilipiga kelele. "Muache! Mutu iko ndani!"

Askari hawakusikia, au hawakutaka. Mume wangu alinirukia, akanifunika mdomo kwa kiganja chake kikubwa cha fundi, akaninong'oneza nyamaza, nyamaza, nitakuchinja. Nilimng'ata nyama iliyo chini ya kidole gumba mpaka meno yangu yakakutana. Alipolegea nilipapasa juu ya pipa la maji, nikapata mwiko wake wa chuma, ule wa kupakia saruji, nikampiga nao usoni kwa makali yake. Alianguka akishika pua. Nilimkanyaga nikapita.

Chumbani vumbi lilikuwa jekundu, sioni kitu. Kabati lilikuwa limekwama, kwani ukuta ulikuwa umeshuka na kulibana. Nililipiga teke, nikalivuta, nikalipiga bega, nikaita, "Sukuma! Sukuma, mushenzi weye, sukuma!" Na upande wa pili akasukuma. Likaanguka kwa kishindo juu ya kitanda, nguo zangu zote zikamwagika. Mkono ukatokea kwenye tundu, nikaushika. Alikuwa ametoka mpaka magotini ubao ulipokatika. Ukuta haukuanguka kama ninavyosikia watu wakisimulia, kwa ngurumo. Ulikaa chini tu, mzito, pamoja na mabati yake, na ukakaa juu ya mguu wake wa kulia. Tofali moja lilinivunja mfupa wa bega. Yeye, aliyekuwa amenyamaza kwa nyundo zote zile, sasa alipiga ukelele ambao bado ninausikia.

Askari walituchimbua. Walipomwona na tumbo lake walielewa mara moja, na Mzungu akawa mwekundu, sijui ni kwa hasira au kwa hofu ya kile alichokaribia kufanya. Alimpiga mume wangu kofi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawaachia askari. Walimpiga kwa virungu uani, kwenye mvua, mpaka akaita mama yake. Nilitazama. Sikuona huruma wala sikuona raha, niliona bega langu tu linavyouma. Mama mkwe alinijia, akanikamata koo kwa mikono miwili na kuniambia nimemuua mtoto wake wa pili, na ilibidi askari ambandue vidole kimoja kimoja.

Mume wangu alipelekwa gerezani. Mjane alifungwa mguu hospitalini. Vidole vyote vya mguu ule viliondolewa, mtoto alibaki tumboni. Akiwa bado hawezi kukanyaga walimleta kwenye uwanja wa malori, na karani mmoja wa kuhakikisha kwamba anapanda.

Nilikwenda huko, mkono umefungwa kifuani. Nilikuwa nimemwandalia kifurushi cha majani: kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa wanono niliowachagua mwenyewe kwa Wagenia, wavuvi wa mtoni. Alikuwa amekaa nyuma ya lori kati ya mapipa, mguu umenyooshwa mbele, mkubwa na mweupe wa bendeji. Kovu la makucha yangu lilikuwa bado shingoni mwake. Nilimpa kifurushi, akakipokea, akakiweka mapajani, hakukifungua.

"Kule banakungoja?" nikamwuliza.

"Banangoja. Safari hii sitaweza kukimbia."

Dereva akawasha injini. Akaniinamia, uso wake karibu na wangu, nikasikia dawa ya hospitali mwilini mwake.

"Yaya," akasema. "Niambie kweli. Ulipiga kelele kunitoa kwa ukuta, ao kunitoa kwa nyumba?"

Ningeweza kumdanganya. Angeondoka na kitu cha kushika njiani. Lakini alikuwa ameomba kweli, na kati yetu hapakuwahi kuwa na kitu kingine.

"Byote mbili," nikamwambia.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje niliona machozi katika macho yale. Kisha akainua kifurushi na kunipiga nacho usoni kwa nguvu zake zote, majani yakapasuka, samaki wakatawanyika matopeni. Lori likaondoka. Alikuwa bado ananitazama lilipokata kona ya barabara ya Buta. Niliokota samaki kwa mkono mmoja, nikawafuta tope kwa kitenge changu, nikaanza kutembea. Mimi nilikuwa na pa kurudi.